Nani Aliyechora Miamba ya Kondoa?

Mgeni anayepanda kilima kutoka kijiji cha Kolo, wilayani Kondoa, hadi kwenye miamba iitwayo Mungomi wa Kolo, hufika mbele ya ukuta wa jiwe ambao mwanzoni huonekana mtupu. Macho yakishazoea kivuli, watu wembamba wa rangi nyekundu huanza kujitokeza mmoja baada ya mwingine: viwiliwili virefu kupita kiasi, miguu kama fito, na vichwa vikubwa vya mviringo ambavyo huenda ni nywele, huenda ni kofia za sherehe, huenda ni vinyago. Kando yao wamo wanyama waliochorwa kwa mistari myepesi na kwa uangalifu mkubwa. Juu ya baadhi ya picha hizo nyekundu yamepakwa maumbo meupe, mazito na mapana, yaliyochorwa kwa ncha ya kidole wala si kwa brashi. Chini, kwenye sakafu ya mwamba, mara nyingine huonekana majivu na mabaki ya tambiko lililofanyika karibuni.

Swali la kwanza la kila anayefika hapo ni hili: nani alichora? Ni swali la haki, ila lina kasoro moja, nayo ni kwamba linatarajia jibu la jina moja, kabila moja na wakati mmoja. Mwamba wenyewe haukubali jibu hilo. Una tabaka za rangi zilizopakwa na mikono tofauti katika vizazi vilivyoachana sana, na kila tabaka linahitaji kuulizwa peke yake. Mabishano mengi kuhusu michoro ya Kondoa yanatokana na watu wanaozungumzia tabaka tofauti huku kila mmoja akidhani anazungumzia mwamba mzima.

Upenu wa mawe

Kwa mazoea tunayaita mapango, lakini neno hilo linaweza kumpotosha msomaji aliyewahi kuona picha za Lascaux au Chauvet kule Ufaransa, ambako wachoraji waliingia ndani kabisa ya ardhi, mahali pasipofika jua, wakimulikiwa na mienge na taa za mafuta. Kondoa hakuna giza la namna hiyo. Huku ni mabamba makubwa ya mwamba yaliyopasuliwa na nyufa za Bonde la Ufa, mengi yakiwa na uso ulioinama mbele mithili ya upenu wa nyumba. Chini ya upenu huo watu waliketi, waliwasha moto, walichonga zana za mawe, walikwepa mvua na jua. Picha zilikuwa mbele ya macho yao mchana kutwa, na mtoto aliyekulia pale alizijua kama mtoto wa leo anavyozijua kuta za sebule ya kwao. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa kuwa nadharia nyingi kuhusu sanaa ya kale zilizaliwa katika mapango ya Ulaya, na hoja inayosimama juu ya giza na kujificha haiwezi kuhamishiwa Kondoa bila kufanyiwa marekebisho.

Eneo lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006 lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336 kwenye miteremko ya mashariki ya ukingo wa Bonde la Ufa. Idadi ya miamba yenye michoro hutajwa kuwa kati ya 150 na 450. Pengo hilo kubwa linatokana na mambo mawili: sehemu kubwa ya vilima hivyo haijakaguliwa jiwe kwa jiwe, na watafiti hawajakubaliana kama nyuso tatu za mwamba mmoja zihesabiwe kama kituo kimoja au vitatu.

Wenyeji waliijua michoro hii siku zote. Walioandika habari zake katika majarida ya kitaalamu walikuja baadaye sana. T. A. M. Nash, mtaalamu wa mbung'o aliyekuwa akifanya kazi Kondoa, alichapisha taarifa fupi mwaka 1929. Wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walifika katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 Mary Leakey alirudi kwa kazi kubwa ya kunakili: alibandika karatasi angavu juu ya mwamba na kufuatisha mstari kwa mstari, akaandikisha vituo 186 na kunakili picha zipatazo 1,600. Mtu anaweza kutokubaliana na tafsiri zake, na mimi mwenyewe nitaeleza hapa chini mahali ambapo sikubaliani naye, lakini nakala zile ni hazina isiyo na mbadala, kwa sababu baadhi ya picha alizozinakili leo zimefifia mno kiasi cha kutosomeka. Katika miaka ya 1970 Fidelis Masao, mwanaakiolojia Mtanzania, aliipeleka kazi mbele kwa kuichunguza michoro ya nyanda za kati pamoja na zana na mabaki yaliyofukiwa chini yake, akisisitiza kwamba picha isisomwe kama imening'inia hewani bila ardhi iliyo chini yake.

Wekundu na weupe

Wekundu wa Kondoa unatokana na ngeu, yaani udongo au jiwe lenye madini ya chuma, lile lile ambalo mafundi seremala wa pwani walilitumia kupigia mistari ya kukatia mbao. Jiwe hilo husagwa na kuwa unga, kisha huchanganywa na kitu cha kuushikamanisha, kama mafuta ya wanyama au utomvu wa mimea. Chembe za chuma hupenya katika vinyweleo vya mwamba, na ndiyo maana rangi hii huvumilia mvua na upepo kuliko nyingine zote. Weupe hutokana na udongo mweupe au vitu vingine vya jamii hiyo, nao hukaa juu ya uso wa mwamba kama chokaa kwenye ukuta, hivyo hubanduka upesi.

Jambo hilo la kikemia linatupasa tuwe waangalifu. Tunapoona kwamba picha kongwe zote ni nyekundu, hatuwezi kusema kwa hakika kwamba watu wa kale walipenda wekundu peke yake. Inawezekana walitumia pia weupe na weusi wa mkaa, na kwamba kilichobaki ni kile tu kilichoweza kubaki.

Hata hivyo utaratibu wa tabaka uko wazi. Mahali ambapo weupe na wekundu vimekutana, kwa kawaida weupe uko juu. Na tofauti yao haiishii kwenye rangi. Picha nyekundu zimechorwa kwa mistari myembamba inayodai brashi, pengine ya manyoya au ya kijiti kilichotafunwa ncha. Zinaonyesha twiga, tembo, pofu, tandala, na watu wanaotembea, wanaoinama, wanaoshikana. Mchoraji alijua mwili wa mnyama kama ajuavyo mtu aliyemfuata kwa siku nzima na kisha kumchuna: uvimbe wa bega la pofu, shingo ya twiga inayoegemea mbele anapotembea. Picha nyeupe ni za namna nyingine kabisa. Ni duara, ni vijinukta vilivyopangwa, ni mistari iliyokatana kama wavu, ni wanyama waliofanywa kuwa alama tu, na zimepakwa kwa kidole.

Watafiti wa zamani waliziona nyeupe kama kushuka kwa ustadi, na wengi walizipita bila hata kuzinakili. Hapo pana kosa ambalo limetugharimu maarifa mengi. Mtu anayechora alama ya kutumika katika ibada hana haja ya kuonyesha misuli ya bega la mnyama, kama vile anayeandika herufi hana haja ya kuipamba. Nyekundu na nyeupe zilikuwa na kazi tofauti, na haifai kuzipima kwa mizani moja.

Kuna kitu kingine ambacho wekundu unatueleza kwa kutokuwepo kwake. Mifugo ni nadra mno katika picha hizo. Wafugaji wa kwanza walifika katika nyanda za kaskazini na kati za Tanzania yapata miaka 3,000 iliyopita, na wakulima wenye kufua chuma waliwafuata baadaye. Jamii inayoishi na ng'ombe huwachora, kama tuonavyo katika michoro ya Mlima Elgon. Kama wachoraji wa picha nyekundu hawakumwona ng'ombe kuwa kitu cha kuchora, basi ama walichora kabla ya ng'ombe kufika, ama waliendelea na maisha yao ya kuwinda wakati majirani zao wakifuga. Uwezekano huu wa pili mara nyingi husahauliwa. Uwindaji na ufugaji havikupokezana zamu kama askari wa lindo. Viliishi pamoja katika nchi moja kwa maelfu ya miaka, na hata leo Wahadzabe wa Bonde la Eyasi huwinda huku wakipakana na Wadatoga wanaofuga.

Umri usiokamatika

Hapa ndipo msomaji hukutana na tarakimu zinazopingana. Atasoma mahali pamoja kwamba michoro ina miaka 2,000, pengine kwamba ina miaka 40,000. Kila tarakimu ina chanzo chake, na ni vyema kueleza jinsi zinavyopatikana.

Njia inayojulikana zaidi ni ile ya kaboni. Kiumbe chochote kilichokuwa hai hubeba kaboni yenye mionzi ambayo hupungua kwa kasi inayojulikana tangu siku ya kufa kwake. Mkaa unaweza kupimwa hivyo, na masizi pia: mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya picha za kusini mwa Afrika zilizochorwa kwa rangi nyeusi yenye kaboni, na baadhi yake, nchini Botswana, zilionekana kufikia zaidi ya miaka 5,000. Lakini ngeu ni madini. Haikuwahi kuwa hai, wala haina kaboni ya kupima, na mafuta yaliyochanganywa nayo huwa yameliwa na vijidudu zamani.

Njia ya pili hutumia utando wa chokaa unaojijenga juu ya picha katika mapango yanayotiririkwa na maji. Utando huo hubeba urani kidogo inayogeuka kuwa thoriamu kwa kasi maalumu, hivyo umri wa utando unaweza kujulikana, na picha iliyo chini yake lazima iwe na umri mkubwa kuliko huo. Kwa njia hii, mwaka 2024 picha ya nguruwe na watu katika pango la Leang Karampuang, kisiwani Sulawesi, Indonesia, ilithibitishwa kuwa na angalau miaka 51,200. Kondoa si nchi ya mapango ya chokaa, na upenu ulio wazi kwa upepo haujengi utando wa namna hiyo wa kutegemewa. Njia mbili kuu zimefungwa kwa wakati mmoja, na sababu yake ni asili ya jiwe na rangi.

Kinachobaki ni kuchimba sakafu. Mwaka 1956 mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba katika mwamba uitwao Kisese II, ambao una michoro ukutani na tabaka nene za makazi chini yake. Humo zilipatikana zana za mawe, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na vipande vya ngeu. Vipimo vipya vya kaboni vilivyofanywa juu ya maganda hayo na kuchapishwa mwaka 2018 vilionyesha kwamba watu walikuwa wakikaa Kisese zaidi ya miaka 40,000 iliyopita.

Kutokana na ngeu za namna hiyo wapo waliohitimisha kwamba michoro nayo ina umri wa makumi ya maelfu ya miaka. Mimi naiona hatua hiyo kuwa ndefu mno. Ngeu ina kazi nyingi: hupakwa mwilini, huhifadhi ngozi, huchanganywa na gundi ya kushikizia mpini. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, watu walikuwa wakisaga ngeu na kuihifadhi ndani ya makombe ya baharini miaka 100,000 iliyopita, na hakuna picha ukutani. Kipande cha ngeu kwenye udongo kinathibitisha kwamba mtu alikuwa na rangi mkononi; hakithibitishi kwamba aliinua mkono akaipaka kwenye mwamba.

Lingine la kukumbuka ni kwamba mwamba ulio wazi hubanduka. Picha nyekundu tunazoziona leo zikiwa na mistari myembamba isiyokatika haziwezi kudhaniwa kirahisi kuwa zilistahimili miaka 40,000 ya mvua na upepo. Katika pango la Apollo 11 nchini Namibia kumepatikana vibamba vya mawe vyenye picha za wanyama vya zaidi ya miaka 25,000, lakini hivyo vilikuwa vimefukiwa ardhini, vikilindwa na udongo. Inaelekea kwamba wachoraji wa Kondoa walikuwapo tangu zamani sana, na kwamba nyingi ya picha zilizobaki ukutani ni za milenia za mwisho wa mapokeo hayo marefu. UNESCO yenyewe imeandika kwa tahadhari kwamba miamba imekuwa ikichorwa kwa angalau miaka 2,000, na neno “angalau” lisomwe kwa uzito wake wote.

Majirani wenye vidoko

Tukirudi kwa wenye mikono, macho ya watafiti yamewaelekea kwa muda mrefu Wasandawe na Wahadzabe. Jamii hizi mbili za Tanzania ya kati na kaskazini huzungumza lugha zenye sauti za vidoko, yaani konsonanti zinazotolewa kwa kubana na kuachia ulimi, kama zile za lugha za Wasan, wawindaji wa jadi wa kusini mwa Afrika. Wahadzabe wengine wangali wanawinda. Wasandawe, ambao leo wengi wao wako wilaya ya Chemba, wamekuwa wakilima na kufuga kwa vizazi kadhaa, lakini kumbukumbu yao ya uwindaji iko karibu.

Ufanano wa vidoko umewafanya watu wengi waseme kwamba wote hawa ni taifa moja la kale lililotawanyika. Wanaisimu hawakubali kirahisi hivyo. Kihadzabe hakijaonyeshwa kuwa na undugu na lugha yoyote duniani. Kisandawe kimehusishwa na baadhi ya wataalamu na lugha za Khoe za kusini, ingawa undugu huo, kama upo, ni wa mbali sana. Vidoko ni sauti, nazo sauti huazimwa: Kizulu na Kixhosa ni lugha za Kibantu na zina vidoko.

Elimu ya vinasaba imeleta picha yenye utata zaidi, na kwa maoni yangu ya kweli zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulichunguza mabaki ya wawindaji wa kale wa Afrika, akiwemo mtu mmoja aliyezikwa Kisese yapata miaka 7,000 iliyopita. Wawindaji hao walionekana kuwa na asili zilizochanganyika tangu zamani: moja ya mashariki, moja inayoelekea misitu ya kati, na moja inayoelekea kusini. Kwa hiyo aliyeketi chini ya upenu wa Kisese hakuwa “Msan” wala “Msandawe” kwa maana tunayoitumia leo. Alikuwa mtu wa mahali pale, mwenye mababu kutoka pande mbalimbali, na damu yake imo kwa kiasi fulani katika jamii kadhaa za sasa.

Ushahidi wa nguvu zaidi kuhusu Wasandawe hautoki kwenye damu wala kwenye vidoko, bali kwa Wasandawe wenyewe. Eric ten Raa, mwanaanthropolojia aliyeishi nao na kujifunza lugha yao, aliandika mwaka 1971 kwamba kuchora juu ya mwamba kulikuwa bado kunakumbukwa, na kwa kiasi fulani kunafanywa. Alieleza miktadha tofauti: picha zilizohusiana na uwindaji, picha zilizohusiana na matambiko kwenye miamba yanamokaa mizimu ya ukoo, na picha zilizohusiana na ngoma ya simbo, ambamo wachezaji hupandwa na nguvu za simba ili kupambana na uchawi. Baadaye Imogene Lim, aliyefanya utafiti Usandawe na kuandika tasnifu yake mwaka 1992, aliongeza jambo ambalo naliona la msingi: kwa Wasandawe mahali penyewe ndipo penye nguvu, na picha ni sehemu ya kutumia nguvu ya mahali hapo. Akiwa sahihi, basi swali la “picha hii inaonyesha nini” halitoshi, na inabidi kuuliza pia kwa nini ilichorwa juu ya jiwe hili na kuachwa lile la jirani.

Kuhusu tabaka jeupe, ushahidi unaelekea kwa wakulima wanaozungumza lugha za Kibantu, ambao Warangi wa leo ni miongoni mwa warithi wao katika eneo la Kolo. Hili lisishangaze. Katika eneo la Chongoni nchini Malawi, lililoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka huo huo wa 2006, picha nyekundu za wawindaji zimefuatiwa na picha nyeupe za wakulima wa Kichewa, zinazohusiana na unyago wa wasichana na chama cha siri cha ngoma za vinyago kiitwacho nyau. Huko maana ya picha nyeupe inajulikana kwa sababu wenye mila wapo na wameeleza. Ni sahihi kabisa kutarajia kwamba weupe wa Kondoa nao ulitoka katika ibada na mafunzo, wala haikuwa michezo ya wachunga mbuzi kama ilivyowahi kudhaniwa.

Ikumbukwe pia kwamba si kila mwindaji wa Afrika Mashariki alichora kama wa Kondoa. Huko Nyero, mashariki mwa Uganda, na katika kisiwa cha Mfangano upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, miamba imejaa duara nyekundu zilizo ndani ya duara nyingine, bila watu wembamba wala twiga, na wataalamu huzihusisha na wawindaji wa kale wenye undugu na Batwa, watu wa misitu ya Afrika ya kati. Ziwa na nyika zilikuwa na shule tofauti za uchoraji.

Mtu anayevutwa pande mbili

Ugumu wa tafsiri unaonekana vizuri zaidi katika picha moja ya Kolo ambayo imenakiliwa mara nyingi. Watu watano wembamba wamesimama kwa mstari. Aliye katikati ameshikwa mikono na wenzake wa kila upande, wawili huku na wawili kule, na wale wa upande mmoja vichwa vyao vina umbo lisilo la kawaida, kana kwamba wamevaa vinyago. Mary Leakey aliisoma kama tukio la utekaji: mwanamke anavutwa na watu waliojificha nyuso, na wa kwao wanajaribu kumzuia.

Ni usomaji unaovutia kwa sababu una kisa ndani yake. Lakini David Lewis-Williams, mtafiti wa Afrika Kusini, aliitazama mwaka 1986 kwa jicho jingine. Aliijua sanaa ya Wasan wa kusini, ambayo maana yake imepata mwanga kutokana na masimulizi yaliyoandikwa katika karne ya 19 kutoka kwa Wasan wenyewe, wakieleza ngoma za tiba ambamo mganga hutetemeka, huinama, hutokwa damu puani na kuingia katika njozi, huku wenzake wakimshika asianguke. Kwa jicho hilo, mtu wa katikati hatekwi na yeyote. Amezidiwa na nguvu ya ngoma, na walio kandoni wanamtegemeza. Urefu usio wa kawaida wa miili nao unaeleweka, kwani walioingia katika hali hiyo husimulia kwamba hujihisi wakirefuka.

Binafsi naegemea upande wa ngoma, kwa sababu mbili. Simbo ya Wasandawe ipo, iko jirani, na ina mambo mengi yanayolingana na picha: kupandwa, kubadilika kuwa mnyama, kushikwa na wenzako. Pili, mwaka 2021 zilichapishwa habari za mwamba uitwao Amak'hee 4 katika pori la akiba la Swagaswaga, ambako watu watatu wamechorwa wakiwa na vichwa vinavyoelekea kuwa vya nyati. Hao hawaelezeki kwa kisa cha utekaji wala kwa uwindaji wa kawaida. Pamoja na hayo, umbali kati ya Kondoa na milima ya Drakensberg, kwenye michoro ya Wasan huko kusini, unazidi kilomita 2,000, na ufunguo uliotengenezwa kwa mlango wa huko usilazimishwe kwenye mlango wa huku pale unapokataa kuzunguka. Picha za mnyama pofu ni nyingi Kondoa, lakini hatuna shahidi wa huku aliyesema kwamba pofu ana nguvu zile zile wanazompa Wasan. Na zipo picha ambazo huenda ni kumbukumbu ya windo zuri tu, au furaha ya mtu aliyemwona twiga akitembea alfajiri.

Mungomi leo

Mungomi wa Kolo bado panatumika. Waganga na wazee huenda pale kuomba mvua na kutibu wagonjwa. Mbuzi huchinjwa, na pombe ya nafaka hunyunyizwa, mara nyingine juu ya mwamba wenye picha. Kwa mhifadhi, pombe juu ya picha ya kale ni uharibifu, kwani huacha utando unaoficha rangi. Kwa mwenye tambiko, kuuzuia mwamba usipokee pombe ni kuunyima haki yake. UNESCO ilipoiingiza Kondoa katika orodha yake ilitumia vigezo viwili, na kimojawapo kilikuwa hasa uhai wa mila hizi, kwa hiyo haiwezekani kuzifukuza mila na kubakiza sifa ya urithi. Emmanuel Bwasiri, mwanaakiolojia Mtanzania aliyechunguza suala hili, ameonyesha kwamba sheria za uhifadhi zilizorithiwa kutoka enzi za ukoloni zililinda kitu kinachoshikika, yaani rangi na jiwe, bila kuitambua imani inayokifanya kitu hicho kitembelewe na kuheshimiwa na majirani zake.

Uharibifu mkubwa zaidi una chanzo kingine. Imeenea imani kwamba Wajerumani, walipokuwa wakikimbia katika Vita Kuu ya Kwanza, walizika dhahabu na fedha chini ya miamba yenye michoro, wakaiacha michoro iwe alama. Watu huja usiku na majembe na sururu. Hawapati dhahabu, kwa kuwa picha zilikuwapo karne nyingi kabla ya Mjerumani wa kwanza kufika, lakini mashimo yao hukata tabaka zile zile za udongo ambazo zina zana, mkaa, mifupa na vipande vya ngeu. Ukuta hauna kaboni ya kupimwa, kwa hiyo udongo huo ndio mahali pekee ambapo mkono wa mchoraji ungeweza kuunganishwa na siku zake. Mchanga ukishageuzwa na sururu, hakuna maabara inayoweza kuupanga upya.